Betri Ndogo kwa Gari Jepesi: Pimeni Kwanza, Nunueni Baadaye

(Maneno haya yalisemwa na mfanyakazi wa ustawi wa jamii mbele ya kikundi cha vijana mafundi wanaounganisha gari jepesi. Tumeyachapa kwa faida ya vikundi vingine vya ufundi.)



Nimeitwa hapa kwa sababu ya jambo dogo ambalo limewagawa. Chesisi ya mabomba imechomelewa, injini ya petroli ya lita 1 imeingia, taa zimefungwa. Imebaki betri. Wengine wenu wanasema tuweke ya bodaboda, sababu gari ni jepesi na betri hiyo ni ya bei nafuu. Wengine wanasema hapana, tuweke ya lori tusije tukaaibika. Na kuna wale waliosikia habari za lithiamu, wanasema hiyo ndiyo ya kisasa. Kila mmoja ana sauti kubwa. Lakini nikiuliza ni nani amepima, nasikia kimya.

Mimi si fundi wa umeme. Kazi yangu ni kukaa na vikundi na kuuliza: pesa zinatoka wapi, zinakwenda wapi, na ni nani ataumia jambo likiharibika? Mkiangalia vizuri mtaona kwamba hayo ndiyo maswali ya betri pia. Umeme unatoka wapi, unakwenda wapi, na ni nani ataumia?

Basi neno langu la leo ni moja. Gari jepesi linaweza kutosheka na betri ndogo, lakini betri ndogo haisamehe kosa. Betri kubwa huficha makosa yetu kwa muda: waya mbaya, alteneta dhaifu, taa iliyosahauliwa. Ile ndogo huyaonyesha siku hiyo hiyo. Kwa hiyo anayetaka ndogo lazima apime.

Wenzetu waliotangulia

Kazi hii haikuanza na nyinyi. Kule Uingereza, mwaka 1957, Colin Chapman wa kampuni ya Lotus alitoa gari dogo liitwalo Lotus Seven. Wengi walilinunua likiwa vipande vipande wakaliunganisha wenyewe nyumbani, kwa sababu gari la vipande halikutozwa kodi ya ununuzi iliyotozwa gari zima. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham ilichukua haki za kulitengeneza, nalo likaendelea. Magari ya aina hii huwa na uzito wa kilo 500 na kitu, kama nusu ya saluni ndogo.

Katika gari kama hilo, betri ya saluni ya kilo 12 hadi 15 ni mzigo wa kufikiriwa, na nafasi ya kuiweka ni ya shida. Ndiyo maana waunganishaji wengi wa huko hutafuta betri ndogo. Moja inayojulikana sana kwao ni Odyssey PC680. Urefu wake ni milimita 185 hivi, unene milimita 79, uzito kilo 7, na uwezo ni ampea-saa 16. Wako wanaowasha nayo injini za petroli za lita 1.6 na hata za lita 2.

Sisemi mkainunue hiyo. Nawaonyesha tu kwamba waliosema ndogo yaweza kutosha hawakukosea. Lakini si kila ndogo inatosha.

Mtungi na mdomo wake

Kuwasha injini hakuhitaji umeme mwingi. Kunahitaji umeme wa ghafla. Hebu tupige hesabu pamoja.

Tuseme stata yenu inavuta ampea 120, na injini inashika baada ya sekunde 5. Ampea 120 mara sekunde 5 ni 600. Saa moja ina sekunde 3,600. Gawanya 600 kwa 3,600, unapata sehemu moja ya sita ya ampea-saa, yaani 0.17 hivi. Kutoka kwenye betri ya ampea-saa 16 umechukua kama asilimia 1 tu! Alteneta nzima inarudisha hiyo kwa muda mfupi.

Sasa kijana mmoja atasema: kumbe hata ya bodaboda ya ampea-saa 5 ingetosha. La. Fikirini mtungi wa maji. Ampea-saa ni ukubwa wa mtungi. Lakini kuna mdomo wa mtungi pia. Nyumba ikiwaka moto, mtungi wenye mdomo mwembamba haukusaidii hata ukiwa umejaa. Betri ya bodaboda imetengenezwa kwa stata ndogo ya injini ya cc 125 au 150. Ukiiomba ampea 120, volti zinaanguka, stata inasema "tak", halafu kimya.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni hiki. Azimeni betri nzima ya saluni kwa siku moja. Washeni injini ikiwa baridi, na mpime stata inavuta ampea ngapi kwa mita ile ya kubana waya. Andikeni namba hiyo ukutani, na wote muione. Betri mtakayochagua lazima iweze kutoa namba hiyo na akiba juu yake. Siku mtakapoifunga, wekeni mita ya volti kwenye vichwa vyake wakati stata inazunguka. Volti zikishuka chini ya 9.6 ujue ni mojawapo ya haya: betri haijajaa, imechoka, au ni ndogo mno kwa kazi hiyo.

Na kama siku moja mtabadilisha injini muweke ya dizeli, hesabu hizi zote zimekufa. Dizeli hubana hewa kwa nguvu zaidi sana, na stata yake hula zaidi. Mtaanza kupima upya.

Namba zinazodanganya

Betri huwa na maandishi, na watu hawayasomi. Mtaona herufi CCA na namba. Hizo ni ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 ikiwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, bila volti kushuka chini ya 7.2. Hata Limuru asubuhi ya Julai hakuna baridi hiyo. Kwa hiyo sisi hatuna haja ya CCA kubwa kama mtu wa Ulaya kaskazini.

Lakini angalieni vizuri. Ile PC680 niliyoitaja, watu hudhani 680 ndiyo CCA. Siyo. CCA yake ni kama 170. Ile 680 ilihusu ampea za sekunde chache tu. Mwenye duka anaweza kukuonyesha namba kubwa bila kusema uongo, na bado ukadanganyika. Uliza: namba hii ni ya sekunde ngapi?

Kwenye betri za lithiamu kuna jambo jingine. Nyingi za kuwashia huandikwa ampea-saa "sawa na za risasi". Maana yake, inawasha kama betri ya risasi ya ukubwa huo, lakini umeme uliomo ndani ni pungufu, mara nyingi kama theluthi moja hivi. Mdomo ni mpana, mtungi ni mdogo. Kwa mbio za dakika ishirini ni sawa. Kwa gari linalokaa na taa zinawaka, si sawa.

Joto pia ni adui. Wataalamu hukadiria kwamba kwa kila nyuzi 10 za joto juu ya 25, maisha ya betri ya risasi hupungua kwa karibu nusu. Katika gari dogo kila kitu kimebanana, na betri huishia kando ya bomba la moshi. Isogezeni mbali, au wekeni bati la kukinga joto katikati.

Gari likisimama

Hapa ndipo betri ndogo hufia, na mwenyewe amelala.

Tuseme mmeweka king'ora cha wezi kinachokula miliampea 30. Ni kidogo sana, si ndiyo? Kwa siku moja ni ampea-saa 0.72. Betri ya ampea-saa 16 itakuwa imebaki nusu baada ya siku 11. Ile ya saluni ya ampea-saa 45 ingekaa mwezi mzima ndipo ifike nusu. Gari lenu litakaa bila kuendeshwa wiki mbili, tatu, mkingoja vipuri. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Dawa yake ni swichi kuu ya kukata umeme wote. Ifungwe mahali dereva anapofikia na mtu aliye nje pia anapofikia, sababu siku ya ajali anayekata umeme huenda si dereva. Lakini wafundisheni wote: injini izimwe kwanza, ndipo swichi ikatwe. Ukikata betri injini ikizunguka, alteneta inaweza kurusha volti za juu na kuunguza vifaa.

Hesabu ya taa nayo ni hii. Taa kubwa mbili za wati 55 ni wati 110. Taa ndogo nne za wati 5 ni 20. Jumla 130. Gawanya kwa volti 12, ni karibu ampea 11. Alteneta ikifa usiku njiani, betri kubwa ingekufikisha nyumbani. Betri ya ampea-saa 16 itakuacha gizani baada ya saa moja hivi, pengine mapema zaidi, katikati ya barabara, malori yakija nyuma yako. Hapo hatuzungumzi pesa tena. Kwa hiyo mwenye betri ndogo afunge mita ya volti mbele ya macho yake. Injini ikizunguka isome kama 13.8 hadi 14.4. Ikishuka kwenye 12 na kitu, rudi nyumbani mchana ungalipo.

Aina tatu

Ya kwanza ni betri ya risasi ya maji, ile tunayoijua. Ni ya bei nafuu, na kila gereji inaielewa. Lakini lazima isimame wima, inahitaji kuongezwa maji ya betri, siyo ya bomba, na inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo ikifika asilimia 4 tu katika hewa inaweza kulipuka. Usiiweke chini ya kiti mahali pasipo na hewa.

Ya pili ni ya risasi iliyofungwa, inayoandikwa AGM. Asidi yake imenyonywa na kitambaa cha nyuzi za kioo, haimwagiki. Waweza kuilaza ubavu, ila usiipindue kichwa chini. Mdomo wake ni mpana kuliko ukubwa wake. Hii ndiyo wanayoipenda sana wenye magari mepesi.

Ya tatu ni lithiamu, na kwa kuwashia gari hutumika ile ya chuma na fosfati. Uzito wake ni kama theluthi ya risasi inayofanya kazi ile ile, au hata chini ya hapo. Lakini bei yake ni mara kadhaa. Haitaki chaji ipite volti 14.6 hivi, na kwa hiyo alteneta ya zamani yenye kidhibiti kibovu itaiua. Ikiisha kabisa huenda isifufuke. Na chaja ya kawaida yenye mpango wa kufufua betri za risasi haifai kwake.

Mkiniuliza mimi kama mtu wa kutunza pesa za kikundi: kilo tatu nne mtakazookoa kwa lithiamu mnaweza kuziokoa kwa njia nyingine, kwa kiti chepesi au kwa kuacha tairi la akiba karakanani. AGM ndogo inawatosha, kama vipimo vya stata vikikubali. Mkikosa AGM, chukueni betri ndogo kabisa ya saluni ya ampea-saa 35 hivi. Itakuwa nzito kidogo, lakini mtaipata mji wowote. Ya lori ya kilo 35 au zaidi iacheni kwenye lori.

Kuifunga

Kamba hukatikia pabovu, na umeme ni hivyo hivyo. Betri nzuri yenye waya mwembamba ni kazi bure. Waya wa stata uwe mnene, milimita za mraba 16 hadi 25, na ukiiweka betri nyuma ya gari waya unakuwa mrefu, basi uzidi unene. Unapopita kwenye tundu la chuma, tieni raba. Waya wa chanya ukichunika hapo na kugusa bodi, betri ndogo hiyo hiyo inaweza kutoa mamia ya ampea, na gari linaungua mkiangalia.

Betri ifungwe kwa ukanda wa chuma na bolti, siyo kwa kipande cha tyubu. Gari likigonga na kusimama ghafla, kila kitu ndani kinavuta mbele kwa nguvu kupita uzito wake. Ikiwa ni mara 20, kilo 7 zinakuwa kama kilo 140. Nani anataka kitu hicho kimjie magotini?

Mnapoifungua, toeni kichwa cha hasi kwanza. Mnapoirudisha, hasi iwe ya mwisho. Hivyo spana ikigusa bodi hakuna cheche. Na msiombe umeme kwa lori la volti 24.

Kuchaji nako kuna adabu. Kwa betri ya maji, sehemu moja ya kumi ya ampea-saa ni kipimo salama: betri ya ampea-saa 16 ipewe ampea 1.6 hivi. Chaja kubwa ya gereji inaweza kuichemsha.

Dukani

Nendeni wawili, mwenye pesa na mwenye mita. Tazameni tarehe ya kutengenezwa. Betri ya risasi iliyokaa rafuni miezi mingi bila kuchajiwa huanza kufa ikiwa mpya. Pimeni volti. Iliyojaa na kutulia husoma 12.6 au zaidi. Kwenye 12.4 imebaki kama robo tatu, kwenye 12.2 kama nusu. Ikisoma chini ya 12.4 mwambieni mwenye duka ailete nyingine. Vipimo hivyo ni vya risasi tu. Lithiamu iliyojaa husoma 13.3 hivi. Tazameni chanya iko upande gani, na vichwa ni vya gari au vya bolti kama pikipiki. Chukueni risiti na karatasi ya dhamana, vikae kwa mweka hazina.

Betri iliyokufa

Sasa nafika kwenye jambo ambalo mimi hasa nimekuja kulisema, na akina mama mnisikilize.

Betri hufa, na iliyo ndogo ikitumiwa vibaya hufa upesi zaidi. Ikishakufa, risasi bado imo ndani na ina bei. Hapo ndipo kijana anapopata wazo la kuipasua nyuma ya karakana na kuyeyusha risasi kwenye sufuria ili apate shilingi mbili tatu.

Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru kule Jomvu, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kati ya miaka ya 2007 na 2014. Moshi na maji yake viliingia majumbani. Watoto na watu wazima walikutwa na risasi katika damu. Mama mmoja aliyekuwa amefanya kazi hapo, Phyllis Omido, alikuta mtoto wake mwenyewe ameathirika. Akasimama na wanakijiji, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikaendelea kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo. Angalieni miaka imepita mingapi! Na fidia haimrudishii mtoto akili iliyoharibika. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Kiwanda kile kilikuwa kikubwa, lakini sufuria moja nyuma ya karakana inafanya kazi ile ile kwa watoto wa jirani. Mtoto hutambaa, hutia vidole mdomoni. Risasi haina harufu ya kumfukuza.

Kwa hiyo iandikwe katika sheria za kikundi: betri kuukuu haipasuliwi, asidi haimwagwi chini, risasi haiyeyushwi hapa. Inawekwa wima kwenye karai la plastiki, mbali na watoto, halafu inarudishwa kwa muuza betri. Wauzaji wengi hupunguza bei ya mpya ukirudisha kuukuu. Ulizeni kabla ya kununua. Asiyepokea kuukuu, pesa zenu zisimfikie.

Kabla hamjatoa shilingi hata moja, naomba karatasi moja kutoka kwenu. Iwe na mistari mitano: stata inavuta ampea ngapi; alteneta inatoa volti ngapi; kuna vitu gani vinavyokula umeme gari likisimama, na kiasi gani; nafasi ya betri ni milimita ngapi kwa ngapi; na kuukuu itakwenda wapi. Mkiwa na majibu matano, ubishi wa bodaboda na lori na lithiamu utaisha wenyewe, maana namba zitakuwa zimeamua. Mkiwa na manne tu, subirini kwanza. Karatasi hiyo nitaipokea Jumamosi, na mweka hazina asifungue sanduku kabla yake.